Friza inajaa barafu, na kila fundi anasema gesi imeisha

“Shikamoo fundi. Nina friza ya kufungulia juu, lita 200, niliinunua ya mtumba miaka mitatu iliyopita. Niko Tanga, nauza samaki na barafu za ubuyu hapa nyumbani. Siku hizi kila baada ya wiki mbili kuta zote zinajaa barafu nene kama vidole viwili, inabidi niibandue kwa kisu. Nimeita mafundi wawili, wote wakasema gesi imeisha, wakajaza. Wa pili alijaza miezi miwili tu baada ya wa kwanza. Uniti za LUKU zinakwisha haraka kuliko zamani, na mama mkwe ananishauri niwe naizima usiku. Isitoshe umeme kwetu unakatika na kurudi ovyo. Wiki iliyopita ulikatika saa mbili usiku ukarudi kesho yake saa tisa mchana. Vibua wa juu nilikuta wamelegea, wa chini bado wagumu. Nikawagandisha tena wote. Je, ni gesi kweli inayonila hela, au ninunue mpya tu yaishe?”

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, nami nitaanza na lile ambalo hukuliuliza hasa, kwa kuwa haliwezi kungoja: hao vibua wa juu.

Vibua, jodari na nguru wana tabia yao. Nyama yao ina histidini nyingi, kijenzi kimojawapo cha protini, na samaki akishapoteza baridi, vijidudu huigeuza kuwa histamini. Hiyo haina harufu wala rangi, na ikishakuwemo haitoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha upya. Mtu akimla samaki huyo, mara nyingi haipiti saa moja kabla uso haujaanza kumfukuta, kichwa kinamgonga, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio. Atasema ana mzio wa samaki, kumbe samaki alilala nje ya baridi. Ikimtokea mteja wako au mtoto wako, apelekwe hospitali, hasa akianza kuhema kwa shida.

Kilichoyeyuka nusu, bado kina chembe za barafu ndani au kina baridi ya friji, unaweza kukigandisha tena. Kitapoteza maji na ladha, basi. Kilicholegea kabisa na hujui kimelegea tangu saa ngapi, usimuuzie mtu wala usikipeleke mezani kwako. Wale wa chini waliobaki wagumu hawana neno. Wa juu, kama bado unawajua ni wepi, watoe leo. Kama umeshawachanganya, itabidi uihesabu hasara yote, na najua kauli hiyo inauma kwa mtu anayeishi kwa biashara hiyo. Baridi haiui vijidudu, inawalaza tu.

Kwa siku zijazo, gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu yake, kisha kiache kikombe humo humo kwenye friza, kwenye tabaka la juu. Umeme ukikatika wakati haupo nyumbani, ukirudi angalia sarafu. Ikiwa juu, hakuna kilichoyeyuka. Ikiwa chini kabisa, kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya bila wewe kujua.

Sasa gesi. Gesi ya friza hailiwi wala haipungui kwa kutumika, tofauti na mkaa wa jiko au petroli ya pikipiki. Ile iliyowekwa kiwandani ndiyo inayozunguka humo miaka kumi, miaka ishirini. Kwa hiyo neno “gesi imeisha”, likiwa la kweli, maana yake ni kwamba kuna tundu. Fundi anayejaza bila kulitafuta tundu anakuuzia upepo wa tairi wakati msumari bado umo ndani. Baada ya miezi miwili ataitwa tena, na atakuja.

Ila kwako wewe nina wasiwasi kwamba hata tundu halikuwepo. Nikueleze friza inavyofanya kazi, uone kwa nini nasema hivyo. Ile spiriti anayokupaka nesi kabla ya sindano unaisikia baridi, ingawa chupa yake ilikuwa mezani tu. Inakauka upesi, na ili ikauke inachukua joto la ngozi yako. Ndani ya kuta za friza kuna bomba jembamba lililozungushwa pande zote. Gesi inaingia humo ikiwa majimaji, inageuka mvuke kwenye baridi ile ile, na katika kugeuka inanyonya joto la samaki wako. Kompresa inauvuta huo mvuke na kuubana. Ukibanwa unapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza tairi. Halafu joto hilo linatupwa nje. Kwenye friza nyingi za aina yako bomba la kutupia joto limefichwa kwenye ubavu wa nje, ndiyo maana ukiushika una joto. Nimeitwa nyumba nyingi kwa sababu ya ubavu wa moto, na mara nyingi nimeondoka bila kufungua hata skrubu moja. Lile joto lilikuwa la samaki wao.

Gesi ikipungua kweli, majimaji hayafiki mzunguko mzima. Utaona upande mmoja wa ukuta umeganda na mwingine mkavu, kompresa haipumziki, na maji uliyoyaweka asubuhi jioni bado ni maji. Wewe umesema kuta zote zimejaa barafu na vitu vya chini ni vigumu. Sijaiona friza yako kwa macho, na sipendi kumhukumu fundi mwenzangu kwa simulizi ya upande mmoja, lakini dalili hizo si za upungufu wa gesi.

Kinachonitia hofu zaidi ni kuzidi. Gesi ikijazwa mahali ambapo haikupungua, kompresa inabeba mzigo usio wake. Chungulia nyuma, kwenye bomba linalorudi kwenye kompresa: likiwa limeganda barafu au linachuruzika jasho friza ikiwa inafanya kazi, uwezekano wa kuzidishwa ni mkubwa, na hapo umepata sababu moja ya uniti zako kukimbia.

Tafuta pia kibati cha kiwanda, kiko nyuma au ubavuni. Kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Friza za zamani sana zilikuwa na R12, iliyoondolewa kutokana na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inakula tabaka la ozoni. Ikafuata R134a, ambayo ozoni haiigusi lakini inaongeza joto la dunia, na mwaka 2016 nchi zilikubaliana hapo Kigali kupunguza gesi za jamii hiyo. Nyingi za sasa zina R600a, ndugu wa gesi ya kupikia. Inawaka, na kiasi chake ni kidogo, mara nyingi hata gramu mia hakifiki. Gramu hizo hupimwa kwa mizani. Fundi aliyekuja bila mizani alikisia. Na kama kibati kinasema R600a naye akajaza R134a kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo mkobani, hapo kompresa inasukuma kitu ambacho haikutengenezewa, na mafuta yake ya ndani hayaelewani nacho. Waulize wote wawili walijaza ipi. Wakibabaika, umepata jibu.

Basi barafu ile imetoka wapi, kama si gesi? Imetoka hewani. Ukitoa chupa ya soda kwenye friji ukaiweka mezani, inatoka jasho. Yale ni maji yaliyokuwa yanaelea chumbani. Tanga hewa imejaa maji hayo, na kila kifuniko kinapofunuliwa yanaingia, yanakimbilia ukuta wenye baridi na kuganda hapo. Friza ya kufungulia juu ina nafuu yake, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na inatulia chini kama maji kwenye beseni. Lakini watoto wa mtaa mzima wakija kununua barafu za ubuyu mmoja mmoja, unafunua mara hamsini kwa siku. Tena kama juisi ya ubuyu unaiingiza ikiwa bado vuguvugu, au kwenye chombo kisicho na mfuniko, unaleta mvuke kwa mikono yako mwenyewe. Ipoe kabisa kwanza, ifunikwe, ndipo iingie. Barafu za kuuza leo zitoe asubuhi, uziweke kwenye boksi la fomu karibu na mlango, friza ipumzike.

Hata hivyo vidole viwili kwa wiki mbili ni vingi mno, hata kwa mfanyabiashara. Namshuku mpira wa kifuniko. Tazama barafu ilipo nene zaidi. Ikiwa ni kule juu, karibu na ukingo, na hasa kwenye kona moja, hewa inapita hapo mchana na usiku. Usiku zima taa za chumba, washa tochi ya simu, iweke ndani ya friza, ufunge kifuniko. Zunguka taratibu. Panapovuja utaona mstari wa mwanga. Au bana noti ya elfu moja kwenye mpira ufunge, halafu ivute. Ikitoka bila kung'ang'ania, mpira hapo haushiki.

Mpira usioshika si lazima ununue mwingine mara moja. Mara nyingi una magamba ya samaki na sukari ya ubuyu kwenye mikunjo, na tiba yake ni maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani. Usitumie mafuta ya taa wala petroli, yanauharibu. Uliobonyea unarudi ukipata joto: kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, au draya ya nywele iliyoshikwa mbali kidogo, kisha unaunyoosha kwa vidole. Kaza skrubu za bawaba. Angalia na sakafu, maana friza iliyokaa upande kifuniko chake hukaa upande nacho. Ukiona umepasuka au umekuwa mgumu kama ukanda wa zamani, nunua mwingine; ni wa bei nafuu kuliko hizo gesi mbili ulizolipia.

Kisu kiache leo. Nakwambia nikiwa na kovu. Nilipokuwa naanza kazi hii nilitaka kumwonyesha mama yangu kwamba mwanawe ni fundi, nikachokonoa barafu kwenye friji yake kwa bisibisi. Nikasikia “sssss”, ndefu, kama mtu anayemtuliza mtoto. Mama akauliza ni nini hicho, nikasema hewa. Haikugandisha tena. Kwenye friza yako mabomba yamelala nyuma ya bati jembamba la ndani, na ukilipata mojawapo, tundu litakuwa kati ya bati na fomu ya kuzuia joto, mahali ambapo kuziba ni kuichana friza nzima.

Kuyeyusha kwenyewe ni kazi ya nusu siku. Chagua siku akiba imepungua. Chomoa waya ukutani. Samaki waingie kwenye boksi la fomu, wabanwe pamoja, wafunikwe blanketi. Ndani ya friza tandika kanga ya zamani iliyokunjwa, juu yake weka sufuria ya maji ya moto, funga kifuniko, subiri robo saa, badilisha maji. Vipande vitaanza kuachia vyenyewe, unavitoa kwa mkono au kwa mwiko wa mbao. Chini kuna kizibo cha kutolea maji. Kifungue, weka beseni. Ukishamaliza futa kwa maji yenye siki, harufu ya samaki itapungua, kisha kausha kwelikweli, kona zote, kwa sababu tone utakaloliacha litakuwa barafu usiku huo huo. Washa ikiwa tupu, ingoje ishike baridi, ndipo urudishe vitu. Na usiungojee tena unene wa vidole viwili. Ukifika nusu sentimita, yeyusha. Barafu ile ya ungaunga imejaa hewa ndani yake, inalivika bomba koti, kompresa inahangaika na samaki baridi hawaipati.

Kuhusu LUKU, tufanye hesabu. Kwenye kibati pameandikwa wati. Tuseme ni 120. Ikifanya kazi saa 24 bila kupumzika, 120 mara 24 ni wati-saa 2,880, na uniti moja ni wati-saa 1,000, yaani karibu uniti 2.9 kwa siku. Zaidi ya hapo haiwezi kula sana, isipokuwa ina hitilafu. Friza iliyo nzima, isiyo na hitilafu, hupumzika. Ikifanya kazi nusu ya muda ni kama uniti 1.4. Kaa nayo saa mbili siku moja, uandike inawaka dakika ngapi na kuzima dakika ngapi. Kama haizimi kabisa, tunajua pa kutafuta. Kama inazima vizuri na uniti bado zinakimbia, chunguza pasi, chunguza birika la umeme, chunguza na waya wa mpangaji wa uani.

Ushauri wa mama mkwe una ukweli nusu, mwambie kwa adabu. Joto halilali usiku. Linaendelea kupenya kwenye kuta hata friza ikiwa imezimwa, na asubuhi kompresa inalipa karibu deni lote. Unachookoa ni kidogo, na samaki wako kila usiku wanapanda joto na kushuka, chembe za barafu zinakua ndani ya nyama na kuikata, mwisho wanatoka wakavu kama pamba. Kama friza ingekuwa ya chupa za barafu peke yake, ningesema sawa, jaribuni. Ya samaki, hapana. Ikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri.

Umeme kukatika ni jambo jingine, nalo lina pande mbili. Kwa chakula, kanuni inayotumika sana ni kwamba friza iliyojaa isipofunguliwa hushika baridi hadi saa 48, na iliyo nusu hadi saa 24. Kwa joto la chumba chako, na kwa friza yenye mpira unaovuja, kata hesabu hiyo. Nafasi tupu zijaze chupa za maji, zisijazwe hadi juu maana maji yakiganda yanatanuka. Kilo moja ya barafu ili iyeyuke tu inahitaji joto ambalo lingeyapandisha maji kiasi kile kile kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Hiyo ni akiba kubwa iliyolala bure. Chupa chache zitie gramu 100 za chumvi kwa lita: maji ya chumvi huyeyuka yakiwa bado chini ya sifuri, kwa hiyo yanawalinda samaki kabla hawajaanza wao. Zifunge kitambaa chekundu, asije mtoto akainywa.

Kwa mashine, kinachoua ni kurudi. Kompresa ikizimika, upande mmoja wa mabomba unabaki na mgandamizo mkubwa, na unahitaji dakika tatu hadi tano kutulia. Umeme ukirudi baada ya sekunde kumi, kompresa inajaribu kuanza ikiwa imekabwa. Unasikia inaguna, kisha “tik”, kimya. Ikirudia hivyo mara nyingi, waya wa ndani unaungua. Kwa hiyo nunua friji gadi, kile kidude cha kuchomeka kinachongoja dakika chache kabla ya kuruhusu umeme na kinachokata ukishuka au kupanda mno. Wauzaji watakusukumia stebilaiza, nayo ni kitu tofauti: inanyanyua umeme uliopungua. Kama jioni taa zako zinafifia na feni inazunguka kivivu, utaihitaji, na iwe kubwa, kwa sababu kompresa inapoanza inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Kama tatizo ni kukatika tu, gadi inatosha, hela nyingine nunua mpira. Na friza ichomekwe kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba inayobeba friza, jiko na televisheni inapunguza nguvu njiani na kupata moto.

Yapo ambayo mimi kwa maandishi siwezi, na hupaswi kujaribu mwenyewe. Ukiigusa ukasikia shoti hata kidogo, ichomoe, vaa ndala, asiiguse mtoto, umwite fundi umeme aangalie waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Swichi kuu inayoruka kila friza ikianza, harufu ya kuungua, ile “tik” isiyokoma, au kompresa ya moto na ndani hakuna baridi: vyote hivyo ni vya fundi aje nyumbani. Akija, mwulize swali moja kabla hajafungua mkoba: atalitafutaje tundu na kujaza gesi? Anayejibu kwa pampu ya kufyonza hewa, mizani, na kupaka povu la sabuni kwenye maungio, mkaribishe chai. Kama ni R600a, asiwashe moto wa kuchomelea ndani ya chumba kilichofungwa.

Kununua mpya sikushauri bado. Yeyusha, safisha au badilisha mpira, sogeza friza mbali na ukuta angalau upana wa kiganja, weka gadi, kisha ipe mwezi mmoja. Ikiwa baada ya hapo barafu imepungua na kompresa inapumzika, umepona kwa gharama ndogo. Ikiwa fundi wa kweli atathibitisha tundu liko ndani ya fomu, au kompresa imekufa na bei ya kuibadilisha inakaribia nusu ya bei ya friza nyingine, hapo achana nayo. Ukienda dukani chukua inayolingana na biashara yako, maana kibati huonyesha pia kilo ngapi inaweza kugandisha kwa siku, na kumtupia kilo 30 za vibua vya mnadani mashine ya kilo 10 ni kuwaozesha taratibu. Ikiletwa kwa guta isafiri imesimama. Wakiilaza njiani, isimamishe uiache saa kadhaa kabla hujaichomeka, mafuta yarudi kwenye kompresa.